Mwanamke Aliyepita Nyuma ya Katuni

Giza lilikuwa linaanza kushuka kutoka vilima vya Taita wakati Phineas alipotumwa stesheni kuchukua boksi la kaseti. Kazi ndogo. Kwenda na kurudi. Mvua za Elnino zilikuwa zimekata barabara ya Mombasa, mabasi yamelala, kwa hivyo kaseti za Mansur zilikuja na treni ya mizigo, zimefungwa kwenye gunia kama papa mkavu.

Kabla hajafika stesheni, wacha nikwambie Phineas ni nani. Voi nzima ilimjua, na mimi namjua kuliko hiyo Voi nzima ukiiweka pamoja. Mansur alikuwa na ukumbi wa video kule Mwakingali, nyumba ya mabati yenye viti vya mbao, na mali yake kubwa ilikuwa katuni za Kijapani. Sasa Kijapani, kutoka Voi mpaka Taveta, nani anakijua? Hakuna. Phineas ndiye aliyesimama kando ya tivii na kutia maneno. Kijapani hakujua hata cha kuombea maji ya kunywa. Alitazama midomo tu. Mdomo ukifunguka, yeye anasema. Ukifunga, ananyamaza. Na watu walilia machozi ya kweli. Nimemwona kwa macho yangu kondakta mmoja, jitu kama lori, akijifuta uso kwa kofia kwa sababu ya mzee wa katuni aliyekuwa fundi wa miavuli, ambaye kila jioni alingoja treni isiyosimama.

Nyuma kabisa, kwenye kiti cha mwisho, alikuwa akikaa mkewe, Mable. Fundi wa nguo. Hakuwa akiivua shingoni futi yake ya kupimia nguo. Kanisani na futi, sokoni na futi, matangani na futi. Alishona pindo gizani bila kutazama, na Phineas akizidisha chumvi, sauti ilitoka kule nyuma:

"Hapo umedanganya, baba. Huyo mama hakusema kitu. Alinyamaza tu."

"Wewe umejuaje na hujui Kijapani?"

"Na wewe je?"

Ukumbi mzima unacheka.

Mable alikufa mwaka uliotangulia mvua hizo. Malaria ilimpanda kichwani. Siku ya mwisho hospitalini sauti ilikuwa imekwisha, lakini alimshika Phineas mkono, akafungua midomo, akasema kitu. Akarudia. Midomo ilikwenda polepole, kama ya mtu anayemfunza mtoto kusoma. Na Phineas, aliyeutafsiria mji mzima midomo ya watu waliochorwa, hakushika hata neno moja. Alitikisa kichwa tu kama aliyeelewa. Mable akafumba macho.

Hicho ndicho kitu kilichokuwa kinamla. Alisema nini?

Siku ya mazishi, huko juu Sagalla, mama mkwe alimletea kibuyu cha maji ili atase. Watu wa milimani wana desturi hiyo: unajaza maji mdomoni, unayapuliza, na kila mpulizo unatamka neno la heri, mpaka machungu yote uliyoyafungia moyoni yatoke na yale maji. Lakini ole wako upulize na hasira ingali ndani. Hapo unaitupa hasira yako kule maji yanakoangukia. Phineas alikipokea kibuyu. Kisha akamwona katekista amekunja mikono, anamtazama. Akaona aibu.

"Tutafanya baadaye, mama," akasema.

Mama mkwe akakichukua kibuyu chake. Phineas akamvalisha marehemu futi yake shingoni kwa mkono wake mwenyewe, jeneza likafungwa, ikawa basi.

Tangu hapo hata kazi ilimwishia utamu. Na kaseti nazo hazikumsaidia. Zile za mzee wa miavuli hazikuja tena. Zilizokuja sasa zilikuwa moja tu iliyobadilishwa jalada. Mvulana mwenye nywele zilizochongoka kama mkonge. Ana nguvu asizozijua. Babake alipotea. Kuna shule, kuna mashindano, kuna adui anayecheka akiwa juu ya paa. Halafu, hata kama dunia inakwisha, lazima upepo uvume na sketi ya mwanamke ipande juu, na mvulana atokwe damu puani. Phineas aliweza kuzisimulia amefumba macho, na siku nyingine alifanya hivyo, na hakuna aliyegundua.

Watu hawakutaka hadithi tena. Walitaka upepo.

Mkubwa wao alikuwa Derrick, turnboi wa malori, kijana mwenye mluzi wa kuamsha punda. Upepo ukifika, Derrick anapiga mluzi na kusema, "Buda, rudisha hapo," na Phineas anarudisha nyuma. Tena. Na tena. Mpaka mahali pale kanda inachakaa, picha inajaa chenga, yule mwanamke anafifia kama nguo iliyofuliwa kupita kiasi. Phineas alichukia. Alilalamika kwa Mansur.

"Mzee Mansur, hizi si hadithi. Hizi ni takataka."

"Bwana Phineas," Mansur akamjibu kwa upole, "mimi nauza ninachonunuliwa. Hebu nenda stesheni, mzigo umefika."

Ndiyo akaenda.

Stesheni ilikuwa tupu. Taa moja, wadudu wameizunguka. Karani wa mizigo, Ndulu, alimsogezea gunia. Kisha akatoa kaseti nyingine chini ya meza, peke yake. Haikuwa na karatasi wala jina.

"Na hii ameileta mama mmoja."

"Mama gani?"

"Sikumwona uso, taa iko nyuma yake." Ndulu akashusha sauti. "Ameuliza kama wewe bado ndiye yule anayesoma midomo ya watu."

Phineas akacheka kidogo. Cheko halikufika mbali.

"Amepita wapi?"

Ndulu akaelekeza kidole ng'ambo ya reli. Huko hakuna nyumba. Ni mkonge tu, mistari kwa mistari, mpaka giza.

Phineas akaichukua ile kaseti. Ilikuwa na joto. Joto la kitu kilichotoka kwapani mwa mtu. Akainusa... Pasi ya makaa. Pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa kibichi.

Akaitia kotini na kuondoka kwa haraka.

Ukumbi ulikuwa umejaa kwa sababu ya mvua. Mansur ametoka kuswali magharibi, amekaa mlangoni. Mvua ikaanza kupiga mabati. Phineas hakufungua gunia. Hata yeye hakujua kwa nini mkono wake ulienda kotini, ukatoa ile kaseti isiyo na jina na kuitia ndani ya deki.

Deki ikaimeza.

Mvulana mwenye nywele za mkonge. Shule. Babake amepotea.

Watu wakatulia kama waliofika nyumbani. Phineas akaanza kutia maneno kwa sauti iliyochoka. Lakini chini ya muziki wa katuni kulikuwa na mlio mwingine, wa chinichini.

Tak-tak-tak-tak... kimya. Tak-tak-tak...

Cherehani ya miguu.

Katika katuni hizo wapita njia hawachorwi sura. Wanapita nyuma ya mvulana, uso mtupu kama yai. Mvulana alisimama sokoni, na nyuma yake wakapita watu hao. Mmoja, wawili, kundi. Kisha akapita mwanamke mmoja mwenye uso.

Shingoni alikuwa na futi.

Phineas akanyamaza katikati ya neno.

"Buda, umemeza ulimi?" Derrick akauliza.

Yule mwanamke akasimama. Akageuka. Hakumtazama mvulana. Alitazama nje, kule viti vilipo, akitafuta mtu. Akampata. Akafungua midomo...

Ukaja upepo.

Ulikuja kama unavyokuja kila siku. Sketi ikapanda. Mwanamke akainama haraka kuishika, na alichotaka kusema kikakatika. Ukumbi ukalipuka. Mluzi wa Derrick ukatoboa mabati.

"Rudisha! Buda, rudisha hapo!"

"Sirudishi," Phineas akasema.

"Bwana Phineas," Mansur akasema kutoka mlangoni, "watu wamelipa."

"Sirudishi, bosi. Huyo ni mke wangu."

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Walidhani ni maneno yake yale yale. Derrick mwenyewe akanyoosha mguu, akabonyeza deki.

Mara ya pili alikuwa karibu zaidi. Alishika sketi mapema, kabla upepo haujafika, na kwa mkono mwingine akaivuta futi yake, na midomo ikaenda. Neno moja. Labda nusu. Upepo ukamkata. Chenga nyembamba ikapita juu ya uso wake.

Hapo Phineas akaelewa hali ya mkewe, na naomba uielewe pia, maana hapo ndipo uchungu wote ulipo. Kila akirudishwa, alikaribia kidogo na kusema kidogo zaidi. Na kila akirudishwa, alivuliwa heshima mbele ya watu, na kanda ikamla.

"Rudisha tena," Derrick akasema.

Safari hii Phineas hakukataa.

Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Mwanamke alishika sketi yake kwa mikono miwili na kuwatazama, kiti kwa kiti, polepole. Harufu ya pasi ya makaa ikajaa ukumbini. Mluzi wa Derrick ulianza ukaishia hewani, kama puto lililotobolewa.

"Mbona..." akanong'ona, "mbona anafanana na dada yangu?"

"Dada yako yupi?" jirani yake akauliza.

"Yule wa Njukini. Yuko hai. Nilimwona juzi."

Akasimama. Akatoka kwenye mvua bila kofia. Mmoja akamfuata, halafu watatu, halafu viti vikawa vinaangushwa. Ukumbi ukabaki na watu wawili tu, Mansur mlangoni na Phineas kando ya tivii.

"Zima, bwana," Mansur akasema taratibu. Tasbihi ilikuwa mkononi mwake. "Hiki si cha kutazamwa."

"Mara moja tu, mzee."

Akarudisha. Akapiga magoti, pua karibu iguse kioo. Midomo ilikwenda polepole, kama ya mtu anayemfunza mtoto kusoma. Ndiyo ile ile ya hospitalini. Upepo. Chenga.

"Mara moja tu."

Akarudisha. Sasa uso ulikuwa nusu, jicho moja na mdomo.

"Unaimaliza, Phineas."

"Nimekaribia. Nimekaribia, mzee."

Akarudisha. Hakukuwa tena na Derrick wa kulaumiwa. Kidole kilikuwa chake. Ukabaki mdomo peke yake, unaelea kwenye chenga kama jani kwenye maji machafu. Na hata huo mdomo ulikuwa umechoka. Aliona. Ulikuwa unaomba.

Phineas akalia kwa sauti. Akakumbuka kibuyu cha mama mkwe. Mezani kwa Mansur palikuwa na jagi la maji ya kunywa. Akalichukua, akajaza mdomo mpaka mashavu yakavimba.

"Phineas, stima hiyo," Mansur akasema.

Akapuliza.

"Lala vizuri, mama."

Akajaza tena. Akapuliza.

"Asikusumbue mtu tena."

Maneno yalikuwa mazuri. Lakini moyoni, wakati anayasema, alikuwa anausikia ule mluzi. Alikuwa anayaona meno ya waliocheka. Hasira ilikuwa pale pale, haijasogea, na akajaza mdomo mara ya tatu na kupuliza na hasira yake yote. Maji yakaruka kwenye kioo, yakateremka, yakaingia kwenye deki.

Paa.

Tivii ikafa. Taa ikafa. Mwakingali yote ikawa giza.

Mvua ikapiga mabati. Chini ya mvua, karibu sana, kama kwenye kile kiti cha mwisho...

Tak-tak-tak-tak.

Kisha ikanyamaza. Kama mtu aliyemaliza pindo na kukata uzi.

Mansur akawasha kiberiti. Walikuwa peke yao. Deki ilikuwa inafuka moshi mwembamba. Mansur, ambaye hakuwa mtu wa kuogopa vyombo vyake, akachukua bisibisi na kufungua kifuniko ili aitoe kaseti kabla haijayeyuka. Plastiki ilikuwa imepasuka. Akaangaza.

"Subhanallah," akasema. Akakaa chini.

Ndani hapakuwa na kanda nyeusi. Kilichozungushwa kwenye vile vigurudumu kilikuwa futi ya fundi. Ya njano. Imelowa, ina udongo mwekundu kwenye pindo, udongo wa Sagalla. Phineas akaivuta polepole mikononi mwake. Nambari zilikuwa zinasomeka vizuri, mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mahali pamoja katikati. Hapo zilikuwa zimefutika kabisa. Kitambaa chake kimebaki cheupe, karibu kukatika.

Mansur aliuza viti vya ukumbi kabla mvua hazijaisha. Derrick alirudi kwenye malori, lakini mluzi hana tena. Anakunja midomo, anapuliza, unatoka upepo mtupu. Mama mkwe alitaka kaburi lifunguliwe watazame kama futi imo. Phineas akakataa, na wengi walishukuru kimoyomoyo kwamba alikataa.

Sasa anakaa kwenye cherehani ya Mable, anashona sare za shule. Ile futi ameivaa shingoni. Akipima mtu, anaruka pale katikati, anakadiria kwa macho.

Mimi nilimwendea. Hakuna kisa cha Voi kilichonishinda kukipata, na hiki nilikitaka mpaka mwisho. Nikamnunulia chai, nikamzungusha kwa maneno, nikamuuliza: mara ile ya mwisho, kabla maji hayajaingia, ulisoma nini kwenye ule mdomo?

Phineas akaweka kikombe chini. Akanishika mkono. Akanitazama, akafungua midomo, akasema. Polepole. Akarudia.

Sauti haikutoka.

Nikatikisa kichwa kama aliyeelewa.