Jani la Isale Kwenye Sanduku la Deus

Kilibaki kichana kimoja tu cha ndizi za kupika dukani kwa Harish, Wembley, London, na ilikuwa Jumamosi ya mechi, watu wanapigana vikumbo mpaka mlangoni. Mikono miwili ikakishika kwa pamoja.

"Samahani kaka, nimekiona kwanza."

"Umekiona, dada. Mimi nimekishika."

Mwenye kusema "dada" aliitwa Deus, Mhaya wa Muleba, mfanyakazi wa ghala kule Hayes karibu na uwanja wa ndege. Siku ya mapumziko, na viatu vinang'aa hivyo! Mwenye kusema "kaka" alikuwa Haika, Mchaga wa Machame, muuguzi, koti jekundu, kilemba cha kitenge cha manjano.

"Mhaya nini wewe? Sokoni na tai?"

"Nawe Mchaga. Nimekusikia unavyombembeleza Harish apunguze bei."

Harish, aliyezaliwa Mwanza na Kiswahili chake hakijachuja, akachoka nao. "Gawaneni, bana! Au pikeni sufuria moja, mimi nina wateja!"

Wakapika sufuria moja. Haika alitaka mtori, supu nzito ya kwao, Deus alitaka ndizi na maharage, wakabishana mpaka zikaungua kidogo. Miezi sita baadaye walikuwa bado wanabishana na bado wanapika pamoja.

Sasa, ujue jambo moja kuhusu Haika. Kabla ya Deus alikuwapo Godson. Miaka miwili ya "mpenzi" na "malkia wangu", kumbe jamaa ana mke Arusha, na Haika alijua siku simu ya Godson ilipoita yeye yuko bafuni, Haika akaipokea. Siku ile aliapa: nikidanganywa tena, nakunja nguo zangu na simwachii mtu hata neno. Alimpenda Deus kuliko alivyowahi kumpenda Godson, na hilo ndilo lililomtisha.

Machi ilipofika, Deus akaja na habari. "Mpenzi, omba likizo. Mwezi wa nne tunapanda meli Norway. Tunaanzia Bergen, tunafuata pwani mpaka kaskazini kabisa."

"Norway? Nimechoka na baridi ya hapa, wewe unanipeleka kwenye friji?"

"Kuna milima ya theluji, Haika. Utasema umeiona Kibo."

Haika akacheka, akakubali. Lakini tangu siku ile simu ya Deus ikaanza kulala kifudifudi mezani. Ikiita, anatoka nayo kibarazani, anafunga mlango wa kioo nyuma yake. Jioni moja mlango haukufunga vizuri, na Haika, mwiko mkononi, akasikia: "Placida, asijue chochote kabla hatujavuka ule mstari wa kaskazini. Akijua, kila kitu kimeharibika."

Akazima jiko.

"Nani huyo?"

"Nani? Aa, mtu wa kazini tu."

Mtu wa kazini! Godson naye alikuwa na watu wa kazini wengi. Haika alipakia sanduku lake la safari, na ndani yake akaweka akiba ya maneno.

Meli ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Vijiji vya nyumba nyekundu vimejibana chini ya majabali, maporomoko ya maji yanamwagika kutoka kwenye theluji, na hewa inanukia chumvi. Deus alipiga picha kila jiwe. Haika alimpiga picha Deus, kwa macho, akitafuta uongo usoni mwake.

Asubuhi ya siku ya tatu Deus alipanda sitahani. Haika akafungua sanduku la Deus kutafuta soksi nene. Chini ya sweta kulikuwa na gazeti lililokunjwa, na ndani ya gazeti jani refu la kijani, limefungwa fundo.

Isale.

Kwao Machame isale ndiyo msamaha wenyewe. Ukimkosea mtu kosa zito, unamwendea na jani hilo, naye hakukatalii, hata uwe umemchomea nyumba. Mtu habebi isale kama hana kosa. Kwa hiyo Deus alikuwa na kosa, tena kubwa, la kumleta mtu mpaka Norway ndipo atubu.

Simu ya Deus, aliyoisahau kitandani, ikaita. Placida.

Haika hakumpa hata nafasi ya kusema haloo. "Wewe Placida, mwizi wa wanaume wewe! Huoni haya? Umekosa wako mpaka uninyemelee wangu? Malaya mkubwa!"

Sauti ya taratibu, ya mtu mzima, ikasema, "Binti, mimi nina miaka sitini na minne. Huyo mwanamume unayesema nakuibia, nimemwogesha kwenye beseni."

Simu ikakatwa.

Deus alirudi na sahani ya andazi la kuchomwa la watu wa Norway, jamu juu, akamkuta Haika amekaa sakafuni, jani mapajani.

"Deus, Placida ni nani?"

"Mama mdogo." Akaweka sahani. "Yule wa Neasden, ila jina lake sikuwahi kukutajia. Mama alipofariki ndiye aliyenilea. Amempigia baba yako Machame mara tatu kuniombea ruhusa ya kukuoa. Ile ndiyo siri yangu."

"Na isale ya nini?"

"Francis wa ghalani aliishi Moshi. Kaniambia Mchaga akipewa isale hawezi kusema hapana." Deus akajikuna shingo. "Nikajua ndilo jani lenu la kuposea. Nilikuta limepandwa kwenye chungu cha maua dukani kwa Harish."

"Ni la kuombea msamaha, Mhaya wewe!" Haika alicheka, na kicheko kikageuka kilio palepale. "Nimemtukana, Deus. Nimemtukana mama yako."

Akamweleza yote, neno kwa neno. Deus alisikiliza akiwa amesimama.

"Nami nilikudanganya," akasema mwishowe. "Nilijua ya Godson, na bado nikasema mtu wa kazini. Kwa hilo nisamehe. Yako nimekusamehe. Lakini aliyetukanwa si mimi, Haika. Swali langu nitaliuliza siku mama mdogo atakapokufungulia mlango. Asipokufungulia, sijui."

Kesho yake walivuka ule mstari wa kaskazini, pale Aktiki inapoanza. Kwa desturi ya meli, mabaharia waliwatia abiria barafu shingoni, watu wakapiga mayowe na kucheka. Haika alitokwa na machozi, akasingizia barafu. Pete ilibaki mfukoni mwa Deus mpaka London.

Jumapili baada ya misa, Haika alisimama mlangoni Neasden, gauni refu la kitenge, jani mikono miwili. Lilikuwa limeanza kunyauka. Deus alibaki nyuma, kwenye ngazi. Mlango ukafunguliwa na mama mrefu mwenye miwani. Haika akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho nini?"

"Isale, mama. Nimekukosea."

"Mimi ni Mhaya. Jani hilo halinifungi. Naweza kukataa."

"Unaweza, mama." Haika akalisogeza jani mbele. "Lakini sina kingine cha kukuletea."

Placida akavua miwani. "Uliniita nani vile?"

"Mama, tafadhali..."

"Sema."

"Mwizi wa wanaume."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Haika alidhani analia. "Miaka ishirini ya ujane hapa London," Placida akasema, akifuta machozi ya kicheko, "hakuna aliyewahi kunidhania hivyo! Siku ile nilijitazama kwenye kioo mpaka chai ikapoa." Kisha uso ukatulia. "Lakini lile neno la mwisho la kwenye simu liliniuma, mwanangu. Usilirudie kwa mwanamke yeyote."

"Sitarudia, mama."

Placida akalipokea jani. Akaingia ndani, akarudi na kifurushi kidogo cha majani makavu ya mgomba, akatoa punje mbili za kahawa, moja yake, moja ya Haika.

"Kwetu mgeni hupewa hii. Na ukitafuna na mtu, mmemaliza. Tafuna."

Haika alitafuna. Ilikuwa chungu, akaitafuna yote. Nyuma yake Deus alikuwa amekwishapiga goti, suruali ya misa kwenye ngazi yenye maji.

"Haika, utakubali nikuoe?"

Haika akafungua mdomo. Placida akainua kidole.

"Meza kwanza. Jibu kama hilo halitolewi na kahawa mdomoni."

"Nimeshameza, mama," Haika akasema. "Ndiyo, Deus. Ndiyo."