Wanawake Kumi na Mmoja Waliobeba Mawe ya Skuli

Ulikuwa msimu wa karafuu. Kila alasiri, baada ya sala, Saada na mama yake, Bi Moza, walikaa jamvini wakichambua: karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Kijijini kwao, karibu na Wete, mikono ikichambua, mdomo nao haukai bure.

Wiki hiyo skuli ilikuwa ikitayarisha kitabu cha historia yake. Saada aliona ukurasa wa mwanzo. Umeandikwa: "Skuli ilijengwa na wanakijiji." Basi! Alipandwa na hasira. Mawe yale yalibebwa vichwani kutoka pwani na wanawake kumi na mmoja. Kumi wameshakufa. Amebaki mama yake, naye amepita miaka themanini. Akiondoka yeye, nani atawataja wenziwe?

Jumamosi Saada alimvisha mama kanga mpya, akamfukiza udi, akamkalisha kitini. Akamwekea simu usoni amrekodi.

"Mama, sema kwa ufasaha. Skuli ilijengwa mwaka gani?"

"Sijui."

"Mwezi je?"

"Sijui, mwanangu. Historia waulize wakubwa. Miye nilibeba mawe tu."

Saada alitaka kulia.

Jirani yao Nahla, anayefanya kazi ya kuhifadhi nyaraka, aliingia akacheka.

"Hee! Mamako umemkalisha kama biharusi, kisha unamhoji kama polisi!"

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Kwanza muombe ruhusa. Mwambie sauti yake itakwenda wapi. Mrudishe jamvini, aseme Kipemba chake. Mwaka uache. Muulize alikuwa na nani, walikula nini, nani aliumia. Ukimaliza, andika jina lake, siku na mahali. Na nakala weka zaidi ya moja, simu hupotea. Moja nipe mimi, tuihifadhi kazini."

"Hata mambo ya watu wa kawaida mnayahifadhi?"

"Kwani nchi hii wameijenga akina nani?"

Basi wakarudi jamvini. Saada aliomba ruhusa. Bi Moza alifikiri kidogo, akakubali. Simu ikawekwa pembeni irekodi, mikono ikashika karafuu.

"Mama, mkibeba mawe, nani alikuwa mbele?"

"Mbele? Mwatum binti Bakar! Ana mimba ya miezi saba, hasikii la mtu. Ukimwambia pumzika, anakuuliza, 'Mwanangu atasoma juu ya mti?'"

Bi Moza alicheka mpaka karafuu zikamwagika. Akamtaja Asma, aliyepondwa kidole na jiwe, akakifunga kitambaa, akarudi pwani. Akaendelea hivyo hivyo, mmoja baada ya mmoja, mpaka wote wakatimia. Saada aliandika huku machozi ya furaha yanamtoka.

Saada aliyapeleka maneno ya mama skuli, yakatiwa kitabuni. Kitabu kilipokamilika, wazee na wanafunzi walikusanyika skuli. Mwalimu mkuu alisoma kisa cha Mwatum na mimba yake. Mvuvi mmoja wa makamo akaruka juu.

"Huyo mama yangu! Mimba hiyo ni mimi!"

Watu walipiga makofi, vigelegele vikapaa. Mwalimu akaendelea na majina. Alipomaliza la kumi, likabaki moja, Bi Moza akasimama, fimbo mkononi.

"Mwalimu, hilo la mwisho lisome kwa sauti. Ni langu."