Bakuli Lisilo na Jina

Kila asubuhi huko Tabaka, Kisii, Alfayo huchonga mabakuli kwa mawe laini yaitwayo mawe ya sabuni. Zamani mkewe, Bonareri, aliyasugua kwa maji na msasa mpaka yakang'aa. Kisha akaja mnunuzi mwenye lori.

"Msijichoshe," alisema. "Nitayachukua bila kusuguliwa. Wala msichore jina chini."

Bonareri alishukuru, mikono ikapumzika. Lakini bei ilishuka, ikashuka tena. Sasa Alfayo alitaka kuuza patasi zake aende Transmara kukata miwa.

Sabato moja, baada ya ibada, Bonareri alimtembelea wifi yake, Mwalimu Emily, huko Nyanchwa. Mezani palikuwa na bakuli linalong'aa kama kioo.

"Wageni wa kanisa walituletea zawadi," Emily alisema. "Limetoka ng'ambo."

Bonareri aliligeuza. Akaona mshipa mwekundu uliopinda, na kando yake mkwaruzo wa patasi iliyoteleza. Siku patasi hiyo ilipoteleza, Alfayo alisonya mpaka kuku wakatawanyika. Bonareri aliketi nalo mapajani.

"Wifi, hili ni letu."

"Acha utani. Hebu soma chini."

Chini palibandikwa karatasi ya dhahabu yenye jina la kampuni na jina la nchi ya watu. Tabaka haikutajwa. Bonareri alimwonyesha Emily ule mkwaruzo wa Alfayo.

"Kwao wana mawe haya?"

"Hawana hata kokoto moja."

"Sasa walifanya nini?"

"Walisugua, wakapaka nta, wakaandika jina lao. Basi."

Bonareri alitazama viganja vyake. "Kazi niliyoiacha mimi."

"Ndivyo nchi zinavyoachana kwa utajiri," Emily alisema. "Nyingine zilitawaliwa, mali yao ikachukuliwa kwa nguvu. Hilo tusilisahau. Lakini hata leo, anayeuza kitu kikiwa ghafi hupata kidogo. Anayekimalizia, akakipa jina na kukilinda kwa sheria, hubaki na faida. Faida hiyo hujenga shule na viwanda, na pengo linazidi kupanuka."

"Na sisi tunamshukuru mwenye lori."

"Tena mnampikia chai."

Lori lilipofika Jumanne, Bonareri alisimama mbele ya mabakuli.

"Haya hayaondoki bila kusuguliwa."

"Mama Cynthia, umeingiwa na nini?" Alfayo alimuuliza mkewe.

Alimweleza habari za ule mkwaruzo.

"Mkwaruzo wangu? Umefika ng'ambo?"

"Umefika. Jina lako ndilo halikufika."

Lori liliondoka tupu. Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu, chakula kikawa ndizi tupu. Lakini familia tisa ziliungana, na afisa wa ushirika akawasaidia kusajili kikundi na nembo yao. Sasa kila bakuli lilisuguliwa na kuchorwa jina la mchongaji, la Tabaka, na namba ya simu ya Bonareri. Duka moja la mjini Kisii lilichukua yote, likaagiza mengine. Habari za Transmara zikaisha.

Mwezi uliopita simu ya Bonareri ililia. Mtu wa mbali alisema ameshika bakuli lao, akasoma jina kwa shida.

"Ta... Tapaka?"

"Tabaka," Bonareri alimsahihisha polepole. Kisha akamuuliza anataka mangapi.