Si Jini, ni Jeni

Mume wangu ni mnadi wa nguo sokoni. Kazi yake ni mdomo. Akianza kunadi, hata aliyekuja kununua chumvi huondoka na koti.

Mwaka jana jino lilimuuma. Nikamwambia, "Nenda hospitali." Akasema, "Litapoa." Likapoa wapi! Shavu lilivimba, likajaa usaha. Alipokwenda, jino liling'olewa na kidonda kikapona. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshakula mfupa wa taya.

"Taya limebaki jembamba," daktari wa meno alisema. "Usitafune kitu kigumu. Linaweza kuvunjika."

Basi mwanamume akawa mtu wa uji. Kunadi akaacha, maana hata kupaza sauti kulimuuma. Nyumba ikapooza.

Siku moja alirudi kutoka kliniki, akasema kwa nusu mdomo, "Daktari anasema wanaweza kunitia jeni kwenye taya, mfupa uote upya."

Mama mkwe wangu aliangusha mwiko. "Jini? Mwanangu atiwe jini? Ng'o! Ukikubali, radhi yangu huna!"

Na bila radhi ya mama yake, mume wangu hafanyi kitu. Nilikasirika kweli. Nikaenda kumwita jirani yetu, muuguzi wa kliniki hiyohiyo.

Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, si jini, ni jeni!"

"Jeni ndiyo nini?"

"Ni maelekezo yaliyo ndani ya mwili. Ndiyo yaliyompa mwanao pua yako."

Mama akajishika pua.

"Daktari ataweka kitu laini kama sifongo kwenye pengo la taya," muuguzi aliendelea. "Kimebeba nakala za jeni moja tu, ile inayouambia mwili: jenga mfupa hapa. Mwili unajenga wenyewe. Baadaye sifongo huyeyuka, na zile nakala huisha."

"Una hakika mfupa utaota?"

"Hapana, Mama, sikudanganyi. Tiba hii bado inajaribiwa. Ndiyo maana anaulizwa, halazimishwi. Akikataa, atatibiwa kwa njia ya kawaida. Atakatwa mfupa kidogo nyongani, upandikizwe kwenye taya."

Mama akamgeukia mwanawe. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka hii mpya, Mama. Nataka kutafuna. Nataka kazi yangu."

"Haya, nenda. Radhi unayo."

Akatibiwa. Kila alipoitwa kupimwa alikwenda, na mswaki hakuuacha asubuhi wala usiku. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu. Picha iliyofuata ilionyesha weupe mwembamba ndani ya pengo. Mfupa mchanga! Ukaendelea kukomaa, hadi daktari akasema, "Sasa tafuna."

Jioni ile mume wangu alishika ganda gumu la mkate. Akauma. Ganda likalia kwa! Mama akaangua kilio cha furaha, nami nikamfuata.

Mume wangu akaanza maneno papo hapo, mkate umejaa mdomoni.

"Meza kwanza, baba," Mama alimwambia.

Wapi! Aliongea mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemnyamazisha.