Mwandishi Hana Kipara

Jumamosi moja ya mwaka 2007, soko la Bull Ring, ughaibuni kwa Waingereza, lilifurika watu. Moraa Ogeto, koti jekundu, viatu vya visigino virefu visivyofaa soko lolote duniani, alikuwa akizozana na Vinubhai, muuza mboga mzaliwa wa Kisumu.

"Hii mihogo imekauka, bana!"

"Ma belle, mutu muzuri hivi anagombana na muhogo?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa Léopold, Mkongo wa Bukavu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi likanyooka, tabasamu hadi masikioni.

"Na wewe ni wakili wa mihogo?"

"Hapana. Lakini nitakubebea."

Akaibeba mpaka nyumbani kwa Moraa, Ladywood, ghorofa ya saba, na lifti ilikuwa mbovu. Mwanamume anayepanda ngazi zote hizo na mihogo ya mtu asiyemjua ana nia, nawaambia. Kufikia Pasaka walikuwa hawalali bila kupigiana simu.

Léopold aliishi Stechford, akitengeneza programu ya kuwatumia wazee ujumbe wa simu wakati wa kumeza dawa ukifika. Moraa alikuwa mchapaji katika ofisi ya mawakili katikati ya mji. Mteja mkubwa wa ofisi hiyo alikuwa kampuni isiyotengeneza hata msumari. Kazi yake ilikuwa kununua hataza, yaani vyeti vya kumiliki uvumbuzi, kisha kuwatishia wabunifu wadogo kesi ili walipe. Jambo hilo lilimchoma Moraa. Kwa siri, bila kutaja jina, akaanzisha blogu ya kuzianika kesi hizo, akitumia tu yaliyokwisha kusemwa wazi mahakamani. Ofisi ikimgundua, kazi hana. Hakumwambia hata Léopold, ambaye aliisoma blogu hiyo kila asubuhi na chai yake.

"Chérie, ule muzee wa blogu amewachapa tena!"

"Umejuaje ni mzee?"

"Hasira kama ile ni ya mutu wa kipara."

Moraa akacheka mpaka simu ikamponyoka.

Kisha barua ikaingia Stechford: programu yako inakiuka hataza ya mteja wetu, ifunge au tukutane mahakamani. Juu yake palikuwa na jina la ofisi ya Moraa. Penye namba ya kumbukumbu, kama ilivyo desturi ya ofisi za huko, palikuwa na herufi za wakili, kisha za mchapaji: MO.

"Moraa, ni weye ulichapa hii barua?"

"Barua gani, sweetheart?"

"Nilikuambia mambo yangu yote, kumbe unapelekea ba-patron wako, ba-bosi wa ofisi!"

"Léo, aki nisikize kwanza..."

Simu ikakatwa. Kweli Moraa alichapa, lakini alichapa barua moja tu, na kompyuta ikaitoa mara arobaini kwa majina ambayo hakuyaona. Angemweleza vipi? Alipiga mara kumi na tisa bila kupokelewa. Aliumia, akalia, hata koti jekundu likampwaya.

Palibaki mahali pamoja tu ambapo Léopold angesoma maneno yake. Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, akaandika kwenye blogu, aya ya mwisho kwa Kiswahili: "Zile barua arobaini nilizichapa mimi. Sikuona majina. Moja ilimfikia mwanamume ninayempenda. Léo, sikukuuza. Mwandishi wa blogu hii hana kipara. Anaitwa Moraa Ogeto."

Saa nne bosi akamwita. Saa tano alikuwa barabarani, hana kazi. Simu ikalia.

"Moraa, umefanya nini? Batakufukuza!"

"Wameshanifukuza, babe."

"Juu yangu?"

"Juu ya nani mwingine, wewe?"

Nusu saa baadaye Léopold alifika mbio stesheni ya New Street, alikomngoja Moraa, kamba za viatu zikiburuta.

"Nisamehe. Nilikuwa mujinga. Wenzangu tisa wenye barua kama yangu wamesoma, wamenipigia. Tutajibu pamoja, siogopi wakili yeyote. Na nataka kukuoa."

Moraa akajifuta machozi, akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Mimi nimejitaja mbele ya dunia nzima. Sasa twende Hodge Hill, ukajitaje mbele ya mama. Leo hana zamu hospitalini."

Shujaa asiyeogopa wakili akainama, akaanza kufunga kamba za viatu.

"Sasa hivi? Na akinifukuza?"

"Basi tutakuwa wawili," Moraa akasema, akamshika mkono, wakakimbilia basi.