Kikombe Badala ya Lita

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sahani ya matango ilikuwa na maji, na hakuna aliyeyamimina. Msichana aliyeitwa Chapchap alikuwa ameyakata matango vipande vyembamba na kuyanyunyizia chumvi, kama mama yake alivyomfundisha. Sasa aliyamwaga yale maji ili mkate wa wateja usilowane. Jina hilo alipewa na wateja wa mgahawa wao, kwa kuwa hakujua kufanya kazi polepole.

"Chapchap, mdogo wako analia!" mama aliita kutoka jikoni.

Mdogo wake, aliyekuwa bado anatambaa, alikuwa akiharisha tangu jana. Zahanati iliwapa pakiti za unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Mama alikuwa na wateja, hivyo Chapchap ndiye aliyechanganya. Sasa mtoto alilia bila chozi. Midomo yake ilikuwa imekauka, na kila alipoona kikombe alikirukia. Nepi aliyofungwa usiku haikuwa na mkojo hata tone.

Mama alifunga mgahawa.

Zahanatini, muuguzi alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, nayo ikachelewa kunyooka. "Dawa ya maji mnampa?"

"Tangu jana, sista. Anakunywa, lakini ni kama namwagia mchangani."

"Mnaichanganyaje?"

"Kama mlivyotuelekeza. Pakiti moja, lita moja."

"Vizuri. Basi mzidishieni hiyohiyo."

Chapchap alitazama sakafu. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini mtoto atazidishiwa.

"Sista, haikuwa lita," alisema. "Nilitia pakiti nzima kwenye kikombe kimoja."

"Unasema nini wewe?" mama alimaka.

"Alikuwa hamalizi chupa ya lita. Nikaona maji yakiwa machache, dawa itaingia upesi. Halafu mama husema kitu chepesi hakina kazi."

"Nilisema chai, mwanangu! Chai ya wateja!"

Muuguzi hakucheka. Alimchukua mtoto na kumwita daktari. Daktari alimpima damu, akaagiza dawa ichanganywe upya kwa kipimo na apewe taratibu, kijiko kwa kijiko, hapohapo mbele ya muuguzi.

"Mimi hula mkate wenu wa matango," muuguzi alimwambia Chapchap huku akinywesha. "Tango likinyunyiziwa chumvi, huwaje?"

"Hutoa maji."

"Tango limejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Utando wa seli hupitisha maji, lakini chumvi haipiti kwa urahisi. Chumvi ikizidi nje, maji hutoka kuifuata. Hiyo ndiyo osmosisi. Utumbo wa mtoto nao una seli."

Chapchap alimtazama mdogo wake. "Kwa hiyo nilimkamua kama tango."

"Mchanganyiko wako ulivuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, na chumvi iliyopenya ikamzidishia kiu."

"Na ya lita je?"

"Chumvi na sukari zikiwa kwa kipimo, seli za utumbo huzifyonza, na maji huzifuata kuingia mwilini. Unga ni uleule. Tofauti ni maji."

Mama alimtazama binti yake. "Kumbe ungenyamaza..."

"Angenyamaza, mngerudi nyumbani kumzidishia," muuguzi alisema. "Chapchap, kipimo hakina njia ya mkato. Lakini kumbuka na hili: kosa likisemwa hutibika. Likifichwa huendelea kufanya kazi."

Kijiko kilienda na kurudi. Adhuhuri mtoto alilia tena, na safari hii machozi yalimtoka. Muda mfupi baadaye mama, aliyekuwa amempakata, aliruka naye kutoka kwenye benchi, gauni likidondosha matone.

"Kanikojolea!" alipiga kelele, akicheka, hata wagonjwa wote wakageuka. "Jamani, kanikojolea!"

Muuguzi aliigusa nepi. Ilikuwa imelowa.