Vinundu Vitatu Kisogoni

Jua lilikuwa linazama nilipofunga saluni yangu, nikabeba beseni, kopo, taulo mbili na chupa ya shampuu. Nilikuwa naenda kumwosha mtu kichwa nyumbani kwake. Kazi ya kawaida kabisa. Mgonjwa akishindwa kutoka, fundi humfuata.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mama mzazi wa jirani yangu wa kazini, fundi cherehani. Vyumba vyetu vinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Akishona, naisikia mashine yake. Nikicheka na wateja, anagonga ukuta kuuliza kuna umbea gani. Siku hizo alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya nne. Watoto watatu wa mwanzo aliwazaa salama, wazima kabisa, na wote watatu walikufa kabla ya kutimiza mwezi. Walilala, hawakuamka. Hilo hatukulizungumza. Kuna majeraha ambayo hata rafiki hayagusi.

Tulitembea pamoja, yeye mkono kiunoni, mimi na beseni langu kwapani.

"Mama hajawahi kuosha nywele tangu aanze kufuga rasta," aliniambia.

"Tangu lini?"

"Miaka tisa."

Nikasimama katikati ya njia.

Nimesokota rasta, za wateja na zangu mwenyewe, miaka kumi na moja, na muda wote huo nimebishana na watu wanaodhani rasta ni uchafu. Si kweli. Rasta za asili hazitaki nta wala gundi, zinataka subira. Unaosha kila baada ya wiki mbili, unasuuza mpaka maji yatoke safi, kisha unakausha mpaka ndani kabisa, maana rasta ikilala na maji inavunda kama tambara lililosahaulika kwenye ndoo. Na ngozi ya kichwa ni shamba. Shamba likioza, mazao utayapata wapi?

Miaka tisa!

"Kuna jambo lingine," akasema. "Lakini nataka uone kwanza kwa macho yako, nisije nikakutia maneno kichwani."

Harufu ilitupokea mlangoni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa jasho, mba, pengine fangasi. Nimeshika vichwa vya kila aina, pua yangu ni sugu. Lakini hii ilikuwa harufu tamu. Nzito. Ilikaa nyuma ya ulimi kama kitu ulichokwisha kumeza...

Maziwa. Maziwa yaliyochacha. Ile harufu ya nguo ya mama anayenyonyesha, ikiwa imekunjwa mbichi na kusahaulika siku nyingi.

Mama mtu alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, miguu imevimba, kilemba kichwani. Mama mpole, sauti ya chini.

"Karibu, binti. Mikono yako ina joto?"

"Ina joto, mama."

"Afadhali. Hawapendi baridi."

Hawapendi? Nywele ni "hazipendi". Nikadhani ulimi wa utu uzima umeteleza tu.

Nikafungua kilemba. Kitambaa kiligoma kuachia kisogoni. Nilipokivuta taratibu kilibanduka kwa sauti ya unyevu, kama bandeji kwenye kidonda. Nikageuza uso, nikavuta pumzi, nikarudi. Maji ukiyavulia nguo, utayaoga.

Maji ya kwanza yalitoka meusi. Sawa, nilitegemea. Ya pili yalitoka kama chai ya rangi. Ya tatu...

Ya tatu yalitoka meupe.

Nikadhani ni povu. Lakini mara hiyo sikuwa nimetia shampuu, yalikuwa maji matupu ya kusuuza. Nikashika rasta moja ya kisogoni, nene kuliko nyingine, nzito, yenye kinundu katikati kama fundo la kamba. Nikaikamua.

Kitu cheupe kikachuruzika katikati ya vidole vyangu. Kizito. Cha moto.

Nikajiambia ni usaha, labda jipu limepasuka, ndiyo maana mama anaumwa. Nikazitenga nywele niitazame ngozi. Ilikuwa imepauka na kulainika kama mkate uliolowa chai. Ukigusa, kidole kinazama na alama inabaki. Kuzunguka mzizi wa ile rasta, ngozi ilikuwa imeinuka duara, nyekundu, ina mng'ao wa mate.

Nikaweka ncha ya kidole pale, nione kama kuna kidonda.

Ikaninyonya.

Naapa. Ilikibana kidole changu ikakivuta, taratibu, kwa mpigo. Mvuto... pumziko. Mvuto... pumziko. Kama ufizi wa mtoto ambaye hajaota meno.

Nikachomoa mkono. Mama mtu hakushtuka. Alikuwa amefumba macho, anajiyumbisha taratibu, kama mtu anayebembeleza.

Nilipogeuka, fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi ameshika mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Viko vingapi?"

Nikahesabu vinundu bila kuvigusa.

"Vitatu."

Akaegemea fremu ya mlango. "Kila nilipozaa, mama ndiye aliyemwogesha mtoto. Na kila mtoto nilimkuta amekatwa nywele kidogo kisogoni. Nikadhani bibi anatunza kumbukumbu ya mjukuu. Siku chache baadaye... Mara tatu, fundi. Wa tatu ndipo nikaanza kufikiri."

"Alikata kabla hawajafa?"

"Kabla."

"Baada," mama mtu akanong'ona.

Tukamtazama. Macho bado kayafumba.

"Nilikata baada, mwanangu. Walikuwa wameshapoa. Wewe ulikuwa usingizini, sikuwa na moyo wa kukuamsha. Nikasema, angalau nywele zao zikae mahali penye joto."

"Muongo!"

"Nikazisokota ndani ya zangu. Usiku wa kwanza wakaanza kuona njaa. Ningefanyaje? Nikawalisha."

Hata leo sijui nani alisema kweli. Nimewaza mara nyingi. Mtu aliyetoka kujifungua, amechoka, amelala mchana na usiku, anaweza kukosea kabla na baada. Na bibi mwenye la kuficha anaweza kuwa na sauti ya upole vilevile.

"Kata, fundi," mwenzangu akaniambia, akanipa mkasi. Mkono mwingine kashika tumbo. "Nina mwezi mmoja tu. Nakuomba, kata."

Mama mtu akainamisha kichwa mwenyewe. "Kateni basi. Ila mjue, nilikuwa nawalisha mimi ili wasimlilie mama yao."

Nikakata.

Sijawahi kukata nywele za namna ile. Mkasi haukupita kama kwenye nywele. Uligoma, ukateleza, kama unakata mshipa wa nyama mbichi. Rasta ya kwanza ikaanguka ndani ya beseni. Puu. Kinundu kikapasuka, na ndani yake kulikuwa na nywele za kitoto, nyeusi, laini, safi, zimejikunja duara. Zilikuwa ndefu kuliko kiganja changu. Zilikuwa zikiota humo ndani miaka yote.

Ya pili ikaanguka.

Ya tatu nilipoikata, nilisikia kitu. Si kilio. Kwikwi. Kama mtoto anayetolewa ziwa mdomoni kabla hajashiba.

Fundi cherehani akatoa sauti ambayo sitaki kuikumbuka. Nikamtazama. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa, mabaka mawili, yanapanuka. Maziwa yake yalikuwa yametoka yenyewe kuitikia ile kwikwi.

Tukazifunga rasta zile kwenye taulo langu, tukazifukia nyuma ya nyumba. Mama mtu aliomba neno moja tu: "Wafunikeni vizuri." Kesho yake nikamnyoa kichwa chote, nikampaka dawa. Ngozi ikapona, yakabaki makovu matatu ya duara. Mimi nikanawa mikono kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Wiki nzima sikuweza kula kwa vidole.

Mtoto alizaliwa. Wa kike. Mwezi ukapita. Miezi miwili ikapita. Nilipiga vigelegele hadi wateja wakaniuliza nimeolewa lini.

Halafu mchana mmoja mashine ya cherehani ikanyamaza, na mwenzangu akaingia kwangu bila kugonga. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Hataki ziwa langu," akasema. "Tangu wiki ya kwanza."

"Mbona amenenepa vile?"

"Ndicho ninachokuambia, fundi. Amenenepa."

Hakuwa na mwingine wa kumwachia mtoto, na siku moja alikuwa amerudi nyumbani mapema. Akamkuta mama yake amelala kifudifudi kitandani, na mtoto amewekwa kando ya kichwa chake, mdomo umefunika kovu mojawapo la kisogoni. Mashavu yanakwenda. Mvuto, pumziko. Mvuto, pumziko. Alipojaribu kumtoa, mtoto alilia mpaka akawa wa bluu. Akamrudisha.

"Umemrudisha mwenyewe?"

"Yuko hai," akaniambia, machozi yanamtoka. "Wa kwanza kuwa hai. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Akajifuta uso kwa upande wa kanga, akarudi kazini. Nikaisikia mashine ikianza tena upande wa pili wa ukuta.

Mtoto ana miezi minane sasa. Anatambaa, mzito, ana afya ambayo kila mtu anaisifia. Wakati mwingine mama yake humleta kazini, naye hujikokota mpaka kwenye mlango wangu, anakaa kizingitini. Rasta zangu nazifunga kilemba siku hizo. Namchekea, namwita, napiga makofi kama mtu mwingine yeyote.

Hanitazami usoni. Ananitazama juu ya paji la uso, pale kilemba kinapoanzia, na kulamba midomo.